Mama kapigwa picha mbili, sasa anatakiwa ya tatu: je, tunazungushwa?

Shikamoo Daktari,

Naomba msaada wako kabla hatujagombana zaidi nyumbani. Mama yangu ana miaka 64. Kwa miezi kadhaa sasa anashikwa na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, mara nyingi usiku, na hasa akila vyakula vya mafuta. Yakimshika hawezi kukaa wala kulala. Baada ya saa chache yanaachia, na kesho yake anaamka kama si yeye aliyekuwa akilia.

Mara ya kwanza tulipompeleka hospitali alipigwa eksirei ya tumbo, tukaambiwa hakuna kitu, tukarudi na dawa za vidonda vya tumbo. Maumivu yakarudi. Tukaenda kwa daktari mwingine, akaandika altrasaundi. Huko wakaona vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, na mrija wa nyongo umepanuka hadi milimita 10, ila ripoti inasema mwisho wa mrija haukuonekana vizuri kwa sababu ya gesi. Vipimo vya damu vya ini navyo vimepanda. Sasa daktari anataka apigwe MRI ya mirija ya nyongo.

Hapo ndipo vita ilipoanza. Kaka yangu mkubwa anasema tunachezewa, kwamba wangeanza na kipimo kikubwa tangu mwanzo tungekwisha kujua. Yeye alipigwa MRI ya mgongo akaambiwa diski imetokeza, na tangu siku hiyo anaamini mashine kubwa haifichwi kitu. Anataka Mama apigwe CT ya mwili mzima, au ile PET ambayo alisikia inaona mpaka saratani, "tumalize mara moja". Shangazi hataki kusikia habari ya mashine yoyote. Anasema mionzi aliyokwisha kupata Mama inatosha na kwamba saratani huletwa na mapicha hayo hayo. Mama mwenyewe anaogopa kuingizwa kwenye bomba, maana hata lifti hapandi. Tena ana nyonga ya bandia ya chuma aliyowekewa baada ya kuanguka miaka iliyopita, na jirani amemtia hofu kuwa sumaku ya MRI itaing'oa.

Na mimi ninayemsindikiza kila mahali nina mimba ya miezi minne. Siku ya eksirei nilisimama nje ya mlango, lakini alipotoka nilimkumbatia na kumsaidia kuvaa. Sijalala vizuri tangu nilipoanza kuliwaza hilo.

Daktari, ilikuwaje eksirei isione vijiwe ambavyo altrasaundi imeviona mara moja? Na kati yetu nani asikilizwe?

Ni mimi,
Binti wa Katikati

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza huku umebeba mimba.

Nianze na lisiloweza kusubiri kikao cha ndugu. Mama akipata homa ya kutetemeka, macho yakawa ya manjano, mkojo ukakoza rangi na choo kikapauka, akaanza kuchanganyikiwa, au maumivu yakakataa kuachia, mpelekeni idara ya dharura saa hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya MRI. Nyongo iliyoziba huingiliwa na bakteria, na wakishaota humo hawachelewi kuingia kwenye damu.

Mrija mkuu wa nyongo kwa kawaida hauzidi milimita 6 au 7, ingawa umri huupanua kidogo. Ukifika 10, tena vipimo vya ini vimepanda na mfuko una vijiwe, daktari yeyote makini atashuku kwamba kijiwe kimoja kimeteremka na kukwama kwenye mrija. Hivyo huyo wa pili hawazungushi. Kaona jambo na anataka kulithibitisha kabla hajamgusa mama yenu.

Kaka yako ana kosa moja, lakini mengine yote yamesimama juu yake: anazipanga mashine kwa ukubwa, kana kwamba eksirei ni darasa la kwanza na PET ni chuo kikuu. Mpangilio huo haupo. Kila mashine inauuliza mwili swali lake. Eksirei na CT zinauliza kitu kinazuia mionzi kiasi gani. Altrasaundi inauliza sauti inarudia wapi. MRI inauliza habari za maji na mafuta ya mwilini, na PET inauliza ni wapi sukari inaliwa kwa pupa. Kitu kisichoonekana kabisa kwa swali moja kinaweza kujianika chenyewe kwa swali jingine, na vijiwe vya nyongo ni mfano mzuri kuliko wote ninaoujua.

Eksirei ni kivuli. Ndani ya mashine kuna bomba lisilo na hewa ambamo elektroni hurushwa kwa kasi kubwa, zikagonga kipande cha tungsteni, na katika mgongano huo hutoka mionzi. Mionzi ikipita mwilini, mfupa wenye kalsiamu huizuia kwa wingi na kutokea mweupe, hewa ya mapafu huiachia karibu yote na kutokea nyeusi. Ini, wengu, figo, damu na nyongo vyote huangukia katika kijivu kinachokaribiana mno. Ndiyo maana eksirei inafaa sana kwa kifua, mkono uliovunjika, utumbo uliotoboka na kuvujisha hewa, au sarafu iliyomezwa na mtoto. Vijiwe vya nyongo vingi vimeumbwa kwa lehemu, yaani kolesteroli. Vyenye kalsiamu ya kutosha kuonekana kwenye eksirei ni kama 10 hadi 20 tu katika kila 100. Kwa hiyo "hakuna kitu" ya siku ile ilikuwa na maana ya "hakuna kitu ambacho eksirei inaweza kukiona", na aliyewapa majibu alipaswa kuimalizia sentensi hiyo. Kwa maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, tena ya usiku na baada ya mafuta, mimi nisingeanza na eksirei ya tumbo hata kidogo. Hapo kaka ana haki ya kukasirika, ila amekasirikia kitu kingine.

Altrasaundi haina mionzi. Kile kifaa kinachopitishwa tumboni kina fuwele zinazotikisika zikipitishiwa umeme, na kwa tumbo la mtu mzima hutoa sauti ya mitetemo milioni 3 hadi 5 kwa sekunde, wakati sikio la binadamu linaishia kwenye 20,000. Sauti hiyo hupita mwilini kwa mwendo wa karibu mita 1,540 kwa sekunde, na kila inapofika mpakani mwa kitu na kitu, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine hupima mwangwi umechelewa kiasi gani, na kutokana na kuchelewa huko inajua kina. Kitu kilicho sentimita 10 ndani hujibu baada ya sehemu 130 hivi za milioni moja ya sekunde. Jeli ile ya baridi inayomkera kila mtu ni ya kufukuza hewa kati ya kifaa na ngozi, kwa kuwa hewa hurudisha sauti karibu yote na kuacha picha tupu.

Sasa tazama bahati ya mama yako. Nyongo ni kimiminika, na sauti hupita kwenye kimiminika bila kukutana na kitu cha kuirudisha, kwa hiyo mfuko wake huonekana mweusi tii. Kijiwe kilichomo hung'aa upande wa juu na kuacha mkia wa giza nyuma yake, kwa kuwa sauti haikipenyi. Mpimaji anayejua kazi humgeuza mgonjwa alale ubavu: kijiwe hubingirika, uvimbe mdogo ulioota ukutani mwa mfuko haubingiriki. Na kule kuambiwa aende bila kula kulikuwa na sababu, maana mtu akila, mfuko hujikamua na kubaki umekunjamana, na kilichomo ndani ni shida kukitambua. Kwa vijiwe vilivyo ndani ya mfuko, hiyo mashine ndogo inayosukumwa kwa magurudumu hadi kitandani inaziacha nyuma zile zinazojengewa vyumba vyake.

Udhaifu wake ni hewa na mfupa. Mrija wa nyongo huteremka ukapita nyuma ya utumbo mwembamba, na utumbo una gesi. Sauti ikikuta gesi hurudi, na kilicho nyuma hakionekani. Ndiyo ile sentensi ya ripoti iliyowakera. Mimi nilipoisoma kwenye barua yako nilifurahi, maana aliyeiandika alikuwa mkweli kuhusu mahali jicho lake lilipoishia. Ripoti mbaya ni ile ingesema "mrija ni wa kawaida" bila kuuona wote.

Haya, CT ya kaka. Hii ni mionzi ile ile ya eksirei, ila bomba linamzunguka mgonjwa na kupima kilichopenya kutoka pande mamia kwa mamia, kisha kompyuta inakokotoa kila kijisehemu cha mwili kimezuia kiasi gani na kuchora mwili kipande kwa kipande. Mgonjwa wa kwanza alipimwa kichwa jijini London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine aliyoibuni mhandisi Godfrey Hounsfield. Yeye na mwanafizikia Allan Cormack, aliyekuwa ameshafanyia kazi hesabu zake, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kiwango cha weusi na weupe wa CT kinaitwa kwa jina la Hounsfield hadi leo: maji ni 0, hewa ni -1,000, mfupa mgumu hufika 1,000 na kupita.

CT naiheshimu sana. Mtu aliyegongwa na gari, kichwa kinachoshukiwa kuvuja damu, kijiwe cha figo, damu iliyoganda kwenye mapafu, saratani inayotafutwa imesambaa hadi wapi: hapo ndipo penyewe, na kazi yote huisha kwa sekunde chache. Kwenye kiharusi ni CT inayotangulia mara nyingi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumuua mgonjwa ambaye kumbe tatizo lake ni mshipa uliopasuka, na CT hutofautisha mambo hayo mawili kwa dakika. Lakini kijiwe cha lehemu kinaweza kuwa na namba sawasawa na ya nyongo inayokizunguka, na vitu viwili vyenye namba moja CT huvipaka rangi moja. Mngepata picha mamia za kuvutia, Mama angepokea mionzi na pengine sindano ya dawa yenye ayodini, ambayo kwa mtu wa umri wake huhitaji kwanza kujua hali ya figo, na kijiwe kingeweza kubaki pale pale kimejificha mbele ya macho ya kila mtu.

MRI ndiyo inayolijibu swali lililobaki, na namna inavyofanya inanifurahisha kila mara. Mwili umejaa maji, na kila molekuli ya maji ina haidrojeni mbili ambazo viini vyake ni visumaku vidogo visivyopimika kwa udogo. Sumaku za hospitali nyingi zina nguvu ya tesla 1.5 au 3. Ile ya 1.5 tu ni takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayogeuza dira. Mgonjwa akilala humo, sehemu ndogo ya visumaku hivyo hujipanga kufuata sumaku kubwa. Mashine inatuma mawimbi ya redio yanayoviyumbisha, kisha inanyamaza na kusikiliza. Vinaporudi kwenye mpangilio wake vinatoa mawimbi ya redio vyenyewe, na kila tishu ina kasi yake ya kufifia. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kuonyesha jinsi mawimbi hayo yanavyoweza kugeuzwa kuwa picha.

Kimiminika kilichotulia ndicho kinachofifia taratibu kuliko vyote. Kwa hiyo kwa kipimo alichoandikiwa Mama, mashine hupangwa isubiri. Ini limeshanyamaza, misuli imeshanyamaza, na kinachobaki kupiga kelele ni nyongo na maji ya kongosho. Kwenye picha mirija yote inasimama myeupe juu ya giza, na kijiwe kinaonekana kama tundu jeusi katikati ya mrija mweupe. Kwa kawaida hakuna dawa inayodungwa, maana wino wenyewe ni nyongo yake, na gesi ya utumbo haiizuii kama inavyoizuia altrasaundi. Kwa vijiwe vya kwenye mrija, kipimo hiki hugundua zaidi ya 90 katika kila 100.

Mtauliza, kwa nini wasiingie tu wakakitoa? Kipo kifaa cha kufanya hivyo: kamera inayopitishwa kinywani hadi kwenye utumbo mwembamba, ikaingia mlango wa mrija na kukivuta kijiwe. Ni tiba nzuri, ila katika kila wagonjwa 100 wanaofanyiwa, kati ya 3 na 10 huvimba kongosho baadaye, na wachache wao huugua vibaya sana. Siku hizi hatupendi kumwingiza mtu huko kwa kubahatisha. MRI ikisema mrija ni mtupu, Mama atakuwa ameepushwa na hatari hiyo, na mazungumzo yatahamia kwenye upasuaji wa kuutoa mfuko. Ikisema kijiwe kipo, anayekwenda kukitoa atajua kiko wapi na vingapi.

Shangazi simlaumu, kwani hofu yake ina historia. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii mwaka 1895, na kwa miaka iliyofuata watu waliichezea bila kinga yoyote. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikatwa mikono kwa sababu yake na akafa mwaka 1904. Huko Hamburg, Ujerumani, kuna mnara uliozinduliwa mwaka 1936 wenye majina ya waliokufa kwa kazi hiyo. Walipokea dozi ambazo hakuna mgonjwa wa leo anayezikaribia. Dozi ya mionzi hupimwa kwa milisiveti, na eksirei ya kifua ni kama milisiveti 0.1. Mionzi ya asili, ile ya ardhini, angani na katika vyakula, humpa kila binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka bila kukanyaga hospitali. CT ya tumbo ni nyingine: karibu 8 hadi 10, yaani miaka mitatu au minne ya mionzi ya asili kwa mkupuo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inakadiria kwamba milisiveti 10 zinaweza kuongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa mtu 1 katika 2,000, ilhali katika hao hao 2,000, kama 400 wangekufa kwa saratani hata wasipopigwa picha. Palipo na sababu, hatari hiyo ni ndogo mno kuliko hatari ya kutojua. Pasipo na sababu, hata ndogo ni ya bure, na hapo nasimama na Shangazi dhidi ya CT ya mwili mzima. Lakini mwambieni pia kwamba altrasaundi na MRI hazina mionzi ya aina hiyo. Kipimo anachokizuia kwa kuogopa mionzi hakina mionzi.

PET nayo. Mgonjwa hudungwa sukari iliyofungwa florini yenye mionzi, hukaa kimya kama saa moja, kisha mashine inatafuta sukari hiyo imekusanyika wapi. Saratani nyingi hula sukari kwa kasi, kwa hiyo hung'aa. Hung'aa pia ubongo, kibofu cha mkojo, na mahali popote penye uvimbe wa maambukizi. Ni mashine ya mtu ambaye tayari ana saratani inayojulikana na daktari anataka kujua imefika wapi au dawa inafanya kazi. Kijiwe hakili sukari.

Kuhusu "mwili mzima ili tumalize", hiyo ni sawa na kumtuma mtoto dukani bila kumwambia alete nini: atarudi na vitu, ila si ulivyovihitaji. Kwa mtu wa miaka 64, picha za mwili mzima karibu lazima zikute vifuko vya maji kwenye figo, doa kwenye ini, kivimbe kwenye tezi. Vingi havina madhara, lakini kila kimoja kitadai kipimo chake, na mwaka mzima utapita mkifuatilia mambo ambayo Mama angeishi nayo hadi mwisho bila kuyajua. Chuo cha Radiolojia cha Marekani, ambacho ni chama cha watu wanaoishi kwa kazi hii, hakiwashauri watu wasio na dalili kupigwa picha za mwili mzima.

Na diski ya kaka yako, kwa heshima zote. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizotokeza zilionekana kwa 30 katika kila 100 ya wenye miaka 20, na kwa 84 katika kila 100 ya wenye miaka 80. Sisemi mgongo wake hauumi. Nasema picha pekee haithibitishi kwamba diski ile ndiyo inayouma. Aliyempima kwa mikono na kumsikiliza ndiye mwenye jibu, kama alipata mtu wa namna hiyo.

Wewe na mtoto wako, lala usingizi. Mionzi ya eksirei na ya CT hukoma papo hapo mashine inapozimwa. Mama hakutoka nayo chumbani, haikubaki kwenye nguo wala ngozi yake, na kumkumbatia hakukukupa chochote. Kusimama nje ya mlango ndipo ulipopaswa kuwa, na uendelee hivyo. Siku ya MRI waambie una mimba na umsubiri nje. Ajabu ni kwamba kipimo pekee kati ya vyote mlivyovitaja ambacho kingenifanya nikutenge na mama yako kwa muda ni hiyo PET. Dawa yake hupungua nusu kila dakika 110, na katika saa hizo mgonjwa mwenyewe anatoa mionzi, kwa hiyo wajawazito na watoto wachanga huambiwa wakae mbali naye.

Amebaki Mama. Bomba la MRI lina upana wa sentimita 60 au 70, liko wazi pande zote mbili, na lina taa na hewa inayopita. Ataishika pampu ndogo mkononi, akiibonyeza watasimamisha kazi na kumtoa. Kipimo cha nyongo huchukua kama dakika 20 hadi 40. Kelele ni kubwa kweli, kama mgongano wa nyundo, kwa sababu ndani kuna koili za waya zinazowashwa na kuzimwa haraka katikati ya sumaku kali na zinatikisika. Atapewa vya kuziba masikio. Kinachosaidia wengi ni kufunikwa macho kwa kitambaa kabla kitanda hakijaanza kusogea, asilione bomba kabisa. Aulizie pia kama anaweza kuingizwa miguu ikitangulia, maana ini ndilo linalopaswa kuwa katikati na kichwa huenda kikawa karibu na mlango. Akijua hataweza, aseme mapema apewe dawa nyepesi ya kutuliza. Afanye mazoezi nyumbani ya kulala chali na kuzuia pumzi kwa sekunde 15 hadi 20, kwa sababu ataombwa afanye hivyo mara kadhaa, na asile kwa saa 4 au zaidi kama atakavyoelekezwa. Ikishindikana kabisa, ipo altrasaundi inayopitishwa kinywani hadi jirani na mrija, ambapo gesi haimo njiani. Inaona vijiwe vizuri kama MRI, na mgonjwa huwa amepewa dawa ya usingizi.

Nyonga haitang'oka. Nyonga nyingi za bandia hutengenezwa kwa titani au mchanganyiko wa kobalti na kromi, ambavyo sumaku haivivuti kwa nguvu ya kutisha, tena zimeshikamana na mfupa. Zinachofanya ni kuvuruga picha ya eneo lililo karibu nazo, na ini liko mbali. Tunachokiogopa kweli ni vifaa vya kuendesha moyo, klipu za zamani kwenye mishipa ya ubongo, vifaa vya kusikia vilivyopandikizwa, vipande vya chuma machoni mwa watu waliowahi kufanya kazi ya kuchomelea, na mtungi wa oksijeni unaoingizwa chumbani na mtu asiyejua kwamba sumaku ile haizimwi usiku wala mchana. Kwa hiyo mtaulizwa maswali mengi mlangoni. Jibuni yote, hata yanayoonekana ya kipuuzi.

Kaka mkubwa mpeni kazi: aitafute kadi au barua ya upasuaji wa nyonga, yenye jina la kifaa na mwaka kilipowekwa, na akusanye picha na ripoti zote za nyuma, pamoja na ile eksirei. Karatasi ya nyonga isipopatikana, waambieni wahudumu wa MRI kabla ya siku yenyewe. Eksirei moja ya nyonga mara nyingi hutosha kumwonyesha mtaalamu ni kifaa cha aina gani, na Shangazi akilalamika, dozi yake haifiki milisiveti 1.